Unyayo Ulioishia kwa Mugeta

Ipo siku moja, mwanangu, ambayo nikiikumbuka hadi leo masikio yangu yanapata moto, na mimi ni bibi wa wajukuu tisa. Kanisani nimeshuhudia mengi, hata ule ugomvi wangu na marehemu mume wangu juu ya mbuzi wa mchungaji nimeusema mbele za watu. Hii nimeibana. Lakini juzi hapa Kamunyonge niliwasikia nyie vijana wa kwaya mkinong'onezana juu ya yule kijana aliyekuwaga anakwapua simu pale stendi. Kwamba ameokoka, sasa anataka kujifunza kinanda. Mmoja wenu akasema, "Huyo hatakipiga, huyo atakibeba." Nilicheka. Nisikufiche, nilicheka mpaka nikashika ubavu, maana kucheka ni ugonjwa wangu wa siku nyingi. Halafu nilipofika nyumbani nikakosa hamu ya kula. Ndiyo maana nimekuita wewe.

Kwanza nikuambie jambo, usije ukadhani uzee umenilainisha akili. Mimi ni mtu wa kushuku na sioni haya. Akija mhubiri na maspika makubwa, mimi hutazama kwanza viatu vyake. Mtu akilia sana kwenye maombi, nafumbua jicho moja. Wahenga walisema lisemwalo lipo, na kama halipo laja, na mimi nimeishi karibu na watu vya kutosha kujua kwamba hawakukosea. Kwa hiyo sikuiti hapa nikufundishe kumwamini kila anayesema haleluya. Hapana. Ngoja ufike mwisho.

Nilizaliwa kijijini, ukitoka Butiama unakwenda kama Buhemba, chini ya vilima vya mawe. Baba yangu alikuwa na ng'ombe sita, wanne wa maziwa. Maziwa yale ndiyo yaliyoninunulia madaftari. Na mimi nilikuwa binti wa kuota ndoto mchana kweupe! Nilikuwa nikichunga huku najiona nesi wa Musoma, nimevaa kofia nyeupe, nimeolewa na mwanamume mwenye baiskeli ya kengele. Nilishaichagua hata rangi ya baiskeli.

Nikiwa darasa la sita, asubuhi moja tukakuta zizi liko wazi. Wale wanne wa maziwa hawapo. Aliyewachukua tulimjua, alikuwa mtu wa kijiji chetu hicho hicho, jina lake Mugeta. Ila kumjua mwizi na kumkamata ni vitu viwili. Baba alifuata nyayo siku tatu, akarudi miguu imevimba, hana kitu. Hakuwa tena yule baba wa kupiga mluzi. Mwaka uliofuata tukamzika. Shule nikaacha, na ile sketi yangu ya bluu mama akaikata akashona mfuko wa mbegu za mtama.

Sasa Mugeta alikuja kufungwa Musoma kwa ng'ombe wa watu wengine. Alipotoka akaenda Bunda, akafanya kibarua cha kupakua pamba, na huko ndiko alikompata Yesu, au Yesu ndiye aliyempata, sijui. Nasi tukasikia tu kwamba anarudi. Ng'ombe akivunjika guu malishoni, hurejea zizini. Mimi nilikuwa na miaka kumi na tisa wakati huo, naimba sauti ya kwanza kwaya ya kanisani, nimebatizwa tangu mchanga, na nilipoisikia habari ile nilisema kwa sauti, "Chui gani amewahi kubadili madoa?"

Alikuja kwetu kabla hata hajaenda kwa ndugu zake. Suruali ya kaki, Biblia ndani ya mfuko wa plastiki. Akapiga magoti uani, mbele ya mama yangu aliyekuwa anapepeta mtama.

"Mama, wale ng'ombe wanne ni mimi."

Mama hakuacha kupepeta. "Najua ni wewe."

"Sina ng'ombe wa kurudisha. Lakini nina maksai wawili, nimewatolea jasho kule Bunda. Kama utaniruhusu, nitakulimia shamba lako kila msimu, mpaka siku nguvu zitakaponiishia."

Mama akamwaga pumba zilizobaki kwenye ungo. Halafu akaniambia, "Nyangeta, mletee mgeni uji."

Mgeni! Niliuleta, lakini niliuleta wa baridi, na bakuli lililopasuka. Akanywa wote akashukuru. Hilo nalo likanitia shaka zaidi. Nikajiambia, mtu anayeshukuru uji kama ule lazima ana jambo.

Toka siku hiyo, mwanangu, nikawa polisi bila sare. Maksai wake niliwakagua masikio kutafuta alama ya mwenyewe. Nilimwuliza mbele za watu kama ana karatasi ya mnada, akaenda akaileta, nikaisoma juu hadi chini, mbele na nyuma. Alipokuwa analima shamba letu nilihesabu majembe yetu jioni. Wasichana wenzangu wakanicheka, "We Nyangeta, humwachi mlokole wa watu apumue?" Nikawaambia, atapumua siku nikimkamata. Na nilikuwa nikiomba, Mungu anisamehe, nilikuwa nikiomba kabisa kwa kupiga magoti kwamba aibe tena, watu waone.

Hapo inabidi nikueleze kidogo desturi yetu, maana nyie wa mjini mnaijua kwa kusikia tu. Ng'ombe wakiibwa, watu hupiga yowe na kufuata unyayo. Unyayo ukiingia kijiji fulani, kijiji hicho kinatakiwa kuonyesha ulipotokea, yaani ulipotoka kijijini kwenda mbele. Wakishindwa kuonyesha, basi umeishia kwao, na wao ndio watakaojibu. Na ukiishia mlangoni kwa mtu ambaye jina lake linajulikana, hapo hakuna tena maneno mengi.

Zilikuwa mvua za kwanza, ardhi mbichi. Mugeta alikuwa amelima nusu ya shamba letu, nusu imebaki. Asubuhi hiyo nilikwenda mtoni peke yangu, kabla ya wanawake wengine. Njia ya mtoni inapita nyuma ya zizi la Mugeta. Pale kwenye matope ya kunyweshea nikaziona: kwato za ng'ombe watatu, mbichi, na kando yake alama za katambuga, vile viatu vya tairi, za watu wawili waliokuwa wanakimbia. Zinapita moja kwa moja, zinaambaa ukingo wa mto, zinapanda kwenye miamba kuelekea njia ya Buhemba. Mavi ya ng'ombe yalikuwa bado laini. Na Mugeta hakuwa na katambuga, alikuwa na raba zake za Bunda zilizotoboka. Niliona vyote hivyo. Nikachota maji, nikarudi. Nyuma yangu makundi ya ng'ombe wa kijiji yakashuka kunywa, yakayakanyaga matope yale, mpaka pakawa kama uji.

Haukupita muda, yowe likasikika kutoka ng'ambo ya mto. Wakaja wanaume kama arobaini, marungu, mapanga, pinde. Mbele yao mzee Wambura, mwenye ng'ombe waliopotea, mtu mrefu asiyepayuka. Unyayo walikuwa wameufuata kutoka kwake, ukaingia kijijini kwetu kwa upande wa juu, ukateremka na njia, ukafika nyuma ya zizi la Mugeta. Hapo ukapotea kwenye matope.

"Umeingia kwenu," mzee Wambura akamwambia mwenyekiti wetu. "Tuonyesheni ulipotokea."

Wanaume wetu wakatafuta. Hawakuona kitu. Vijana wa ng'ambo wakaanza, "Mlokole, toka nje! Toka na Biblia yako iwaite ng'ombe kwa majina!" Wa kwetu nao wakashika mapanga, si kwa kumpenda Mugeta, ila kwa kuwa hakuna kijiji kinachokubali kuvamiwa. Palibaki kidogo sana, mwanangu. Jiwe moja tu likirushwa, tungezika watu.

Mwenyekiti akawageukia wanawake. "Nani ametangulia mtoni leo?"

Nilidhani hakuna aliyekuwa ameniona. Nilichotakiwa kufanya ni kunyamaza tu. Lakini mwenye hatia ana kiherehere. Nikasema, "Mimi nilikwenda baadaye, wenzangu wameshatangulia, sikuona kitu."

Mugeta alikuwa amesimama kwenye mlango wa zizi, nira mkononi, maana alikuwa anajiandaa kuja kutulimia. Akanitazama. Mara moja tu. Halafu akasema, "Wazee, siibi tena. Hao ng'ombe siwajui. Lakini unyayo umefika kwangu na siwezi kuuonyesha unapotokea." Akaingia zizini, akawatoa maksai wake wawili, akampa mzee Wambura kamba. "Shikeni hawa. Mkimpata mwizi mtanirudishia. Msipompata, ni wenu. Ila damu isimwagike hapa kwa ajili yangu."

Watu wakaguna. Kijana mmoja akasema, "Si mnaona? Asiye na hatia halipi upesi hivi!" Na wote, wa huku na wa kule, wakaamini hivyo. Hata mimi niliyejua ukweli wote, mwanangu, hata mimi nikajiambia, kwa nini atoe kama hana lake? Labda aliwaelekeza wale wa katambuga. Labda ana mgawo. Umeona moyo wa mtu? Nilikuwa na ushahidi machoni, bado nikatafuta shaka ya kunilaza vizuri.

Kesho yake Mugeta akaja shambani kwetu na jembe la mkono. Akaanzia pale pale plau ilipoishia. Mtu mmoja na shamba la maksai! Analima huku anaimba, na sauti yake ilikuwa mbaya, Mungu amrehemu, kama debe linaloburutwa. Nilisimama ukingoni nikimtazama nikasema ataacha saa nne. Saa nne ikapita. Nikasema ataacha jua likiwa kali. Hakuacha. Siku ya pili viganja vyake vilikuwa vimechubuka, akavifunga vitambaa, akaendelea. Siku ya tatu mama alipika ugali wa mtama na dagaa, akaniambia nimpelekee. Nikaifikisha sahani, nikaiweka chini mbali naye kama mtu anayemwekea mbwa. Akasema, "Asante, Nyangeta. Ule upande wa mawe nitaumaliza Alhamisi."

Nilirudi nyumbani nikashindwa kumeza tonge. Mama akauliza, "Unaumwa?" Nikalia. Nikamwambia kila kitu, matope, kwato, katambuga, miamba, uongo.

Mama yangu hakuwa mtu wa kupiga kelele. Aliosha mikono, akaifuta kwenye khanga.

"Nyangeta, yule alituibia ng'ombe wanne. Wewe umemwibia maksai wawili na jina lake. Hebu nielekeze, katika uwanja huu mwizi ni nani?"

"Mama, wataniua."

"Hawatakuua. Watakutazama tu. Kutazamwa kunauma, lakini hakuui."

"Na kwaya?"

"Mwanangu, umeimba miaka minne. Labda leo ndiyo utaelewa ulichokuwa unaimba."

Tukaenda shambani wote wawili. Nilikuwa nimepanga maneno mazuri ya kumwambia Mugeta, yakanitoka yote. Nikasema tu, "Niliwaona. Kwato niliziona. Zilipanda miambani."

Akaegemea jembe lake. "Najua."

"Unajua nini?"

"Asubuhi ile ulipita nyuma ya zizi langu unatoka mtoni, ndoo kichwani. Nilikuwa ndani, hukuangalia hata upande wangu. Hunisalimiagi, kwa hiyo sikushangaa." Akatabasamu kidogo. "Uliposema ulikwenda baadaye, nikajua umeona kitu."

"Sasa kwa nini hukusema? Walikuwa wanakutukana!"

"Ningesema, wangekugeukia wewe. Wale vijana walikuwa wameshainua marungu." Akatazama viganja vyake. "Mimi ndiye niliyekutoa shule, Nyangeta. Nikutoe na kwenye watu pia?"

Mwanangu, nimesikia mahubiri mengi, Musoma, Bunda, hata Mwanza. Hakuna lililonipiga kama hilo, na aliyelisema alikuwa amesimama kwenye udongo na vitambaa vichafu mikononi. Nilijifunza siku hiyo kwamba kati yetu wawili, aliyekuwa bado hajaokoka ni mimi, mwimba sauti ya kwanza.

Tukavuka mto siku hiyo hiyo, mimi na mama na Mugeta, hadi kwa mzee Wambura. Nikasema mbele ya wanaume wake na wanawake wa nyumba ile. Hapakuwa na kelele. Walinitazama, kama mama alivyosema. Mke mmoja akapiga makofi mara moja, akashika mdomo. Mzee Wambura akaniuliza polepole, "Binti, unajua vijana wangu walipanga kumfanyia nini huyu Jumamosi?" Nikatikisa kichwa. Akasema, "Usijue."

Wakaondoka saa ile ile, na safari hii watu wa vijiji vyote viwili pamoja, wakapanda miambani hadi njia ya Buhemba. Ng'ombe wawili walikuwa wameshachinjwa na nyama kuliwa huko Buhemba kwenye machimbo ya dhahabu. Jike mmoja mwekundu walimkuta amefungwa nyuma ya kibanda. Wezi hawakuwapata, wala hawakupatikana kamwe. Nakuambia ilivyokuwa, sikupambi hadithi.

Maksai wa Mugeta mzee Wambura aliwarudisha kwa mkono wake mwenyewe. Aliwakuta watu uani kwetu, mimi napika kwa adhabu, maana wazee waliamua niwapikie wafuata-nyayo wote, na wenzangu mtoni waliniita "Sikuona" mwaka mzima. Mzee yule hakuwa mtu wa kanisa. Akamwuliza Mugeta, "Huyo Yesu wenu alikufanya nini hasa? Niambie kwa maneno ya kawaida, usinihubirie."

Mugeta akafikiri. "Sijui kueleza, mzee. Ila siku hizi usiku nalalaga."

Mzee Wambura akacheka, kisha akaacha kucheka, akamtazama kama mtu aliyeonyeshwa kitu anachokitafuta. Hakuja kanisani mwezi ule, wala ule uliofuata. Alikuja mwaka wa pili, akakaa benchi la nyuma, na fimbo yake.

Lakini kabla ya hapo alifanya jambo lingine. Aliwaita wazee wa pande mbili, wakakubaliana kwamba unyayo ukiingia kijiji cha watu, hakuna kuinua rungu mpaka watu wa pande zote mbili wautembee pamoja hadi mwisho, na wanawake waliokwenda mtoni waulizwe kwa upole, mmoja mmoja, si mbele ya mapanga. Hilo halikuletwa na serikali. Halikuletwa na mkutano wa injili. Lilikuja kwa sababu mtu mmoja alikubali kupoteza maksai wake, na mwenye ng'ombe akaona. Ng'ombe wameibwa tena baada ya hapo, wanaibwagwa hadi leo, sitaki kukudanganya. Lakini kati ya vijiji vile viwili hajauawa mtu kwa unyayo tangu siku ile, na watoto wanavuka mto kwenda shule ya ng'ambo.

Sasa nasaha yangu, mwanangu, isikie vizuri.

Endelea kushuku. Mungu hakukupa macho ya kufumba. Mtu akikuambia moyo wangu umebadilika, usimtazame machozi wala sauti. Mtazame siku anapoonewa, na siku anapokuwa na siri yako mkononi, uone atafanya nini nayo. Hapo ndipo moyo hutoka nje. Na ukiona umebadilika kweli, usiutafutie kasoro kwa sababu tu ulishazoea kumchukia mwenyewe. Sisi tuliozaliwa kanisani tuna ugonjwa huo. Tunaomba wenye dhambi watubu, wakitubu tunaudhika.

Lakini kabla hujamshuku mwenzako, jishuku mwenyewe. Nyani haoni kundule. Uulize moyo wako: je, ninatafuta ukweli, au ninatafuta afanye kosa? Ukigundua unaomba mtu aanguke, jua tayari umeanguka wewe.

Na msinidanganye kwamba nchi itanyooka kwa mabango ya mikutano na kelele za maspika. Injili huingia katika jamii kama maji yanavyoingia mtama, chini, kwenye mizizi, huoni kitu. Mtu mmoja anaacha kuiba. Binti mmoja anasema kweli inayomuaibisha. Mzee mmoja anashusha rungu. Ukiona kijiji kimetulia, ujue kuna moyo wa mtu ulivunjika kwanza.

Yule kijana wa stendi mfundisheni kinanda. Mkae naye, mumwangalie, mimi mwenyewe nitakuja kumwangalia na jicho langu moja. Lakini mfundisheni.

Haya, inua uso nikubariki. Bwana akupe macho makali na ulimi wa kweli, na ulimi uwahi kufika kuliko marungu. Akupe jirani atakayekufichia aibu yako, na akufanye wewe kuwa jirani huyo kwa mwingine. Zizi lako lijae, ziwa likupe samaki, watoto wako wasikulie katika chuki uliyowarithisha. Uzeeke ukicheka, kama mimi. Amina. Sasa nenda, wenzako wanakungoja mazoezini, na ukifika, wa kwanza kumsalimia awe yule kijana wa stendi.